Chumvi Ilipobaki Mezani

Nyumbani kwetu kopo la chumvi lilikuwa halikai mezani. Binti yangu alikuwa analificha. Mimi nina presha, yeye ni muuguzi, basi ikawa vita. Leo analiweka nyuma ya ndoo. Kesho analitia ndani ya kapu la nguo chafu, akijua mimi na kapu hilo hatujuani.

"Baba, mkono huo unakwenda wapi?"

"Najinyoosha tu, mama."

"Jinyooshe upande wa maji."

Mjukuu wangu ndiye alikuwa mpelelezi wake. Tunamwita Kijiko, kwa sababu alizaliwa mdogo mno, na hata sasa ameanza shule unaweza kumbeba kwa mkono mmoja. "Mama, babu ameona kopo." Msaliti. Ninamtengenezea vigari vya mbao, naye ananishitaki.

Tulikaa hivyo watatu. Baba yake Kijiko ni dereva wa malori ya safari ndefu, anakuja na kuondoka. Mimi ni fundi seremala, karakana yangu iko mbele ya nyumba. Mke wangu hayupo tena. Alifia hospitali hiyohiyo anakofanya kazi binti yetu, wodi ya wanawake. Siku ile muuguzi alikuwa mmoja, si binti yetu, na wagonjwa wamejaa mpaka sakafuni. Nilimwita. Akasema, "Nakuja, baba." Akaja mambo yamekwisha. Uso wake naukumbuka mpaka leo. Simlaumu yeye. Nawalaumu waliomwacha peke yake na watu wote wale, huku wao wako mkutanoni wanakunywa soda.

Basi jioni moja nilikaa mezani, nikaona kopo liko palepale mbele yangu. Nikachota chumvi. Binti yangu akaniangalia. Nikachota tena, kwa makusudi, nikisubiri kelele. Akageuza macho, akaangalia ukuta.

Chakula kilikuwa kichungu kwa chumvi. Nilikila hivyohivyo, nikajua kuna jambo.

Nikaanza kumtazama vizuri. Akirudi kazini anakaa juu ya kreti pale karakanani, bado amevaa sare, hata viatu havui. Kijiko anamsimulia habari za shule, yeye anaitikia "mm", "mm". Simu ikilia anaruka kama aliyechomwa. Na simu ilikuwa inalia kila mara.

"Metroni anasema mwenzangu hajafika," anasema.

"Leo si siku yako ya kupumzika?"

"Ndiyo, baba."

"Sasa unakwenda wapi?"

"Kazini, baba."

Metroni ni mkubwa wa wauguzi. Juu yake yuko mkuu wa hospitali. Huyo mimi nilimpa jina la Bwana Kiyoyozi, maana hospitali nzima inatoka jasho, yeye peke yake anavaa koti.

Halafu ikaja siku ya kijiti. Kijiko alikuwa anacheza na mabaki ya mbao, kijiti kikamchoma kidoleni. Akalia, akakimbilia kwa mama yake. Binti yangu akamkalisha. Akanawa mikono, akakitoa kijiti, akasafisha, akafunga kitambaa. Kila kitu sawasawa, kama anavyofanya wodini. Kisha akainua kichwa, akaita:

"Anayefuata."

Kijiko akageuka kutazama nyuma. Akatazama mlangoni.

"Mama, hakuna mwingine. Niko peke yangu."

Binti yangu akamtazama mtoto kama mtu aliyeamshwa. Akainuka, akaenda uani. Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti, amefunika uso kwa aproni yangu ya kazi.

"Baba, mwanangu analia na mimi sisikii kitu. Nimekuwa ubao."

"Umechoka tu, mama."

"Sijachoka. Nimekwisha." Akapangusa uso. "Wiki iliyopita nilimchoma mgonjwa sindano. Nikaitwa huku, nikaitwa kule. Nikarudi na sindano ya dawa ileile. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyeniambia, 'Sista, mbona umenichoma sasa hivi?' Nilikuwa karibu kumpa dawa mara mbili. Asubuhi metroni akanisimamisha mbele ya wote, akanisema kama mwizi wa kuku. Nataka kuacha kazi, baba. Kabla sijaua mtu."

Huyu ndiye mtoto ambaye alipokuwa mdogo alikuwa anafunga bendeji miguu ya viti vyangu. Wateja walikuwa wanacheka. Hakuwahi kutaka kazi nyingine.

Nikashika nyundo. "Nakwenda kwa Bwana Kiyoyozi sasa hivi."

"Usiende. Presha itapanda, utalazwa wodini kwangu, na kitanda hakuna."

Utani ulikuwa bado upo, lakini aliutoa bila kucheka.

Kesho yake alikuja jirani yetu kuchukua kigoda chake nilichokuwa nimekitengeneza. Tunamwita Bi Polepole, kwa mwendo wake. Ni muuguzi mstaafu. Siku hizi anazunguka kwenye hospitali na viwanda, anafundisha habari za afya ya akili ya wafanyakazi. Akamwona binti yangu juu ya kreti lake. Hakuondoka. Akakalia kigoda chake papo hapo.

"Mwanangu, unalala?"

"Najilaza, bibi. Usingizi hauji. Ukija, naota naitwa."

"Unakula wapi ukiwa kazini?"

"Kwenye chumba cha kuoshea vyombo vya wagonjwa. Tunasimama. Zamani tulikuwa na chumba cha chai. Sasa kimewekwa makochi mapya ya ofisi ya mkuu, yanasubiri ofisi ipakwe rangi."

"Na maji?"

"Sinywi. Nikinywa nitataka kwenda chooni. Nikienda chooni, wodi inabaki na nani?"

Nikapiga msumari, ukapinda. Bi Polepole hakunitazama.

"Na wagonjwa unawaonaje siku hizi?"

Binti yangu akatazama mikono yake. Kisha akasema polepole. "Zamani nilikuwa nawajua kwa majina, na majina ya watoto wao. Sasa nawajua kwa vitanda. Yule wa dirishani. Yule wa mlangoni. Juzi mama mmoja alikata roho nimemshika mkono. Unajua nilichowaza kwanza, bibi? Niliwaza, afadhali nimepata kitanda."

"Nitakuuliza jambo, usishtuke. Umewahi kufikiria kujidhuru? Au kutamani kufa?"

Mimi ndiye niliyeshtuka. "Bi Polepole, maswali gani hayo mbele ya baba yake?"

"Mwache ajibu, fundi. Kumwuliza mtu hakumwingizii wazo hilo kichwani. Kunamfungulia mlango wa kusema."

"Hapana," binti yangu akasema. "Hilo hapana. Ila nikiwa njiani kwenda kazini, natamani nisifike."

"Nashukuru umesema. Siku wazo hilo la kufa likija, usikae nalo peke yako hata saa moja. Mwamshe baba yako. Nipigie mimi. Nenda kwa daktari siku hiyohiyo. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Ndipo Bi Polepole akatueleza. Alisema kuna uchovu wa kawaida, ule ambao mtu analala, anakula, unaisha. Na kuna uchovu wa kazi uliopita kiasi. Huu unajengeka kidogo kidogo. Mtu anakosa usingizi, anasahau, kichwa kinamuuma. Anakuwa mkali kwa jambo dogo, au moyo unakufa ganzi, hasikii furaha wala huruma. Anaanza kujiona hafai.

"Si uvivu," alisema. "Si roho mbaya, wala hujarogwa. Mara nyingi huwapata wale waliokuwa wanajitoa sana."

"Basi apumzike mwezi mmoja," nikasema mimi.

"Halafu arudi kwenye wodi ileile, simu ileile, kiu ileile? Fundi, msumeno wako ukiwa butu unafanyaje?"

"Naunoa."

"Na kama kila siku unakatia misumari?"

"Basi nitakuwa mjinga, nanoa bure."

"Basi wanaopewa kazi kama hii wanaambiwa wajinoe. Kuna watu wanawaambia wauguzi wavute pumzi, wafanye mazoezi, wajipe moyo. Si vibaya. Lakini lazima kazi yenyewe ibadilike. Huyu atapata mtu wa kuzungumza naye, ninamjua mshauri mzuri, yuko nje ya hospitali yao na siri haitoki. Hiyo ni nusu. Nusu nyingine iko wodini."

"Wakubwa hawasikii," nikasema. "Wakubwa wanasikia tumbo lao."

"Ukimtukana mtu, atajitetea. Ukimwonyesha kitu, huenda akakiona." Akamgeukia binti yangu. "Usiende peke yako. Mkienda wengi, hakuna atakayeitwa mkorofi. Msiseme fulani mbaya. Semeni kazi inafanyikaje, na nini kibadilike."

Ilichukua muda. Wenzake waliogopa. Mwisho walikubali wachache, akiwemo muuguzi mmoja mwanamume wanayemwita Mnazi kwa urefu wake. Wakaomba kuonana na mkuu, Bi Polepole akiwa nao.

Na mimi nilikuwepo. Sikualikwa. Droo ya meza ya Bwana Kiyoyozi ilikuwa imekwama, nikaitwa kuitengeneza. Nilipokuwa chini ya meza, wakaingia, na metroni pia. Fundi akiwa chini ya meza hahesabiwi kuwa mtu. Nikabaki.

Mkuu alianza yeye. "Jamani, nimewaletea mtaalamu hapa, akawapa somo zima la kutabasamu. Nimewapa na fulana. Bado kuna malalamiko?"

Fulana hizo nazijua. Zimeandikwa kifuani, "Tabasamu ni Tiba". Ya binti yangu naifutia vanishi.

Mnazi akakohoa. "Fulana tunashukuru, mkuu. Ila somo liliwekwa siku zetu za mapumziko. Tulikatishwa mapumziko ili tufundishwe kupumzika."

Mtu akacheka, akajizuia.

"Sina watu wa kuongeza," mkuu akasema. "Naomba kila mwaka huko juu, sipewi. Mnataka niwazae?"

Hapo nikashindwa. Nikasema nikiwa kulekule chini, "Makochi umeyapatia chumba, watu hawana."

Mkuu akainama, tukatazamana kati ya miguu ya meza.

"Huyu nani?"

"Fundi wa droo," nikajibu.

"Fundi, shughulika na droo," Bi Polepole akasema, bila kupandisha sauti. Kisha akamwuliza mkuu, "Ukiwa hapa kazini, ukishikwa na kiu unafanyaje?"

"Nakunywa maji. Kwani vipi?"

"Binti huyu anakaa zamu nzima hanywi, kwa sababu hana wa kumwachia wagonjwa akienda chooni. Hatujaja kukulaumu kwa watu ambao hujapewa. Hao tuwadai pamoja. Tumekuja kwa yale unayoyaweza mwenyewe."

Mkuu akamgeukia metroni. "Ni kweli habari hii ya maji?"

Mimi nilimngoja metroni akane. Ndiye aliyekuwa anapiga simu. Ndiye aliyemsema mwanangu mbele ya watu. Nilikuwa na maneno yangu tayari.

Metroni akavua miwani. "Ni kweli. Simu nawapigia mimi. Kuwafokea nawafokea mimi. Na kila asubuhi nikifika, najifungia kwanza kwenye bafu la wafanyakazi mpaka moyo uache kwenda mbio. Nimekuwa nikifikiri ni mimi tu."

Maneno yangu nikayameza. Binti yangu alikuwa amekaa karibu naye. Niliona mkono wake ukitoka, ukashika mkono wa metroni.

Mkuu akainuka, akataka kwenda kukiona chumba cha chai. Mlango haukufunguka wote. Makochi yalikuwa yameusukuma. Akaingiza kichwa, akaona makochi yake yamekaa ndani ya nailoni, yametulia.

"Yatoeni," akasema.

Mimi bado nasema alipaswa kuyaona bila kuonyeshwa. Mtu unapewa ofisi ili uone. Lakini aliyatoa, hilo siwezi kumnyima.

Nikaagizwa nitengeneze benchi na meza. Benchi nililipa mgongo uliolala kidogo, mtu aliyechoka aegemee. Mkuu akaleta birika na mtungi wa maji. Nikadhani mambo yamekwisha.

Hayakuisha. Mwanzoni chumba kilikuwa wazi na hakuna anayeingia. Kila mmoja aliona aibu kumwachia mwenzake mzigo. Mtu anapita mlangoni, anatazama benchi kama benchi la mahakama. Ndipo wakapangwa wawili wawili, wa wodi zinazopakana. Mmoja akienda kupumzika, mwenzake anajua kabisa wagonjwa gani anawashika mpaka arudi. Na siku za mwanzo metroni mwenyewe alisimama wodini. "Nenda kanywe chai. Usinishukuru, nenda."

Habari ya sindano nayo waliirudia, safari hii wamekaa, mlango umefungwa, hakuna wa kufokewa. Hawakuuliza nani amekosa. Waliuliza imetokeaje. Wakaona kwamba mtu anayetayarisha dawa alikuwa anaitwa na kila apitaye. Sasa anayetayarisha dawa anavaa kitambaa chekundu begani. Akiwa nacho, hata mkuu hamsemeshi. Ndugu wa wagonjwa nao wameelezwa. Na muuguzi akikaribia kukosea, anasema mwenyewe mapema, kwa sababu haogopi kusimamishwa.

Mgonjwa akifariki, hawakimbilii kutandika kitanda tena. Waliokuwepo wanakutana chumba cha chai, dakika chache tu. Wanamtaja marehemu kwa jina lake. Mwenye kutaka kusema anasema, mwenye kulia analia, mwenye kunyamaza ananyamaza. Kisha wanarudi kazini. Nilipoambiwa hilo nilikwenda karakanani nikapiga randa ubao ambao ulikuwa umeshalainika. Laiti yule muuguzi wa siku ile angekuwa na mahali pa kukaa.

Na simu. Ratiba ya zamu sasa inatoka mapema, na kila wiki kuna waliokubali wenyewe kuitwa kwa dharura. Wengine hawasumbuliwi. Mchana mmoja binti yangu amelala, simu ikalia. Akaruka. Akaipokea. Ilikuwa sauti ya metroni.

"Samahani, mwanangu, nimebonyeza jina siyo. Namtafuta Mnazi. Lala."

Alibaki ameishika simu ile, kisha akaanza kucheka. Akacheka mpaka Kijiko akaja kuuliza nani ameanguka.

Kwa mshauri alikwenda pia, mara kadhaa. Walizungumza nini sijui, wala sikuuliza. Nilichoona ni kwamba alianza kuvua viatu mlangoni. Akaanza kuuliza habari za shule, na kusikiliza majibu. Akaota siku moja habari za ng'ombe aliyevaa miwani, akatusimulia asubuhi. Sikuwahi kufurahia ndoto ya ng'ombe namna ile.

Wauguzi bado hawatoshi. Hilo nalisema wazi, wakubwa wasije wakajipongeza. Wodi bado inajaa. Siku nyingine anarudi amechoka sana. Lakini ni uchovu wa kulala ukaisha. Habari ya kuacha kazi sijaisikia tena. Juzi nimemsikia akimwambia jirani, "Wagonjwa wangu," kisha akawataja majina.

Ewe unayesoma, kama una ndugu muuguzi, daktari, au mfanya usafi wa hospitali, mtazame. Kama moyo wake umekufa ganzi, usimwambie ajikaze. Mwulize analalaje, anakunywa maji wapi. Kisha msaidie kutafuta mtu wa kuzungumza naye, na wenzake wa kwenda nao kwa wakubwa.

Jana jioni nilikaa mezani. Nikapapasa mahali pa kopo la chumvi. Hakuna. Nikatazama chini ya meza. Hakuna. Kijiko akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mama, babu anatafuta."

"Mwache atafute," binti yangu akasema akiwa jikoni. "Ni mazoezi mazuri kwa presha."

Nikavuta sahani yangu. Chakula kilikuwa hakina ladha hata kidogo. Nikakila chote, nikaomba niongezwe.